Sime ya Lekishon na Panga Nyingine Zilizopita Mikononi Mwangu

Wajukuu zangu wa kijiwe cha bodaboda hapa Lipangalala, mnaonisimamisha kila mchana niwaamulie ubishi, leo nimekaa niwajibu kwa maandishi. Juzi mlinionyesha kwenye simu upanga wa Kijapani ukikata mwanzi mbichi kama unakata ndizi. Mmoja wenu akasema, "Babu, shikamoo. Sema kweli, huu si ndio baba lao?" Mwingine akadakia kwamba wa Waarabu ndio kiboko, ule uliopinda. Mkanitazama wote, maana mnajua nimefua chuma miaka zaidi ya arobaini. Nikawaambia nina haraka ya kwenda sokoni. Sikuwa na haraka yoyote. Nilirudi nyumbani nikakaa kwenye kigoda mpaka chai ikapoa.

Basi nianze na huo wa Kijapani. Sijawahi kuushika, lakini simu yenu niliitazama vizuri kuliko mlivyodhani. Mliuona ule mstari mweupe kama moshi, unaokwenda sambamba na makali? Ninyi mnadhani ni pambo. Ule ni udongo. Wanaupaka upanga udongo mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali, halafu wanautia motoni, kisha majini. Makali yanapoa haraka yanakuwa magumu, mgongo unapoa taratibu unabaki mlaini. Nilielezwa hayo zamani na mwalimu mmoja wa ufundi aliyepita hapa, nami kwa ujuaji nikajaribu na udongo wa majaruba ya mpunga. Ulibanduka wote. Chuma kikalia "ti!" ndani ya ndoo, na fundi yeyote akisikia sauti hiyo anajua wiki yake imekwenda na maji. Mara ya pili nilichanganya udongo na majivu na vumbi la mkaa. Ukashika. Nikapata kisu ambacho mwuza nyama mmoja alikitumia mpaka alipokufa, na wanawe wakakigombea kuliko nyumba.

Shikeni hilo kama hamtashika kingine: chuma kigumu chote huvunjika, na chuma kilaini chote hupinda. Kila kabila duniani lililofua upanga limehangaika na jambo hilo moja tu, kila moja kwa njia yake.

Huo wa Waarabu uliopinda unaitwa kitara, na kimoja nilikishika kweli. Kilikuwa cha Mzee Nasoro mwenye duka la vitambaa, ambaye babu yake alitokea pwani. Kilitundikwa ukutani kwenye chumba cha nyuma mpaka unyevu wa masika ukakila kutu, akakileta kwa Mzee Otmari kisafishwe. Mzee Otmari ndiye aliyenifundisha kazi na kunilea tangu baba yangu alipofariki. Siku hiyo alikuwa amekwenda Mahenge msibani. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa najua kila kitu. Nikakipeleka kwenye jiwe la kunolea la kuzungusha kwa kanyagio, nikakanyaga kwa nguvu zote. Kutu ikatoka. Yakatoka na maandishi ya Kiarabu yaliyochorwa kwenye bapa, nusu nzima. Na ncha ikapata joto mpaka ikageuka buluu, ugumu wake ukaisha.

Mzee Otmari aliporudi hakunipiga. Alikigeuza kitara juani, akaitazama ile buluu, akasema, "Hii umeiua." Kisha akanishika mkono kama mtoto mdogo, tukaenda dukani kwa miguu, akaniambia mbele ya wateja, "Haya, mwambie mwenyewe."

Nikasema. Mzee Nasoro akapitisha kidole pale palipofutika. Mwisho akacheka kidogo. "Kijana, usilie. Babu yangu hakuwahi kumkata mtu na hiki. Alikivaa siku ya Idi tu, na alikuwa mfupi, ncha ikiburuta njia nzima. Hilo lililoandikwa hapo ni jina lake, na jina lake silisahau."

Uzuri wa kitara ni kwamba hakitaki nguvu. Umbo lake lilivyopinda, ukikivuta kinakata chenyewe. Ni upanga wa mtu aliyepanda farasi, anayepita. Sisi hapa hatuna farasi, tuna baiskeli, na sijaona mtu akipigana juu ya baiskeli, ingawa mkisongamana pale stendi mnanitia wasiwasi.

Niliwahi kuletewa pia upanga wa gwaride. Afande mmoja alishuka na treni kutoka kambi ya jeshi ya Chita, mpini wa upanga wake ukiwa umelegea. Unang'aa unajiona uso. Nikapitisha kidole gumba kwenye makali, hakuna kitu. Nikamwambia, "Afande, huu haukati hata mchicha."

Akajibu bila kucheka, "Mzee, kazi yake si kukata. Kazi yake ni kusimama wima."

Nilicheka sana baada ya kuondoka kwake, na hadithi hiyo niliwasimulia watu miaka mingi kama kichekesho. Sasa siichekei tena. Mkiniuliza leo upanga gani duniani naupenda, nitawaambia ni ule wa afande. Lakini hamtanielewa mpaka niwaeleze sime.

Sime ni ya Wamasai, wenyewe wanaiita olalem. Mmeona wafugaji wameivaa kiunoni, kwenye ala nyekundu ya ngozi. Ni fupi, haina kizuizi cha mkono, na ukiitoa kwenye ala utadhani fundi alikosea, maana karibu na mkono ni nyembamba na kuelekea mbele inapanuka kama jani, kisha ndiyo inachongoka. Uzito wote umekaa mbele. Huhitaji kuipiga. Unaiinua tu na kuiacha iende. Kati ya zote nilizowahi kufua, ndiyo iliyonipa furaha. Ndiyo niliyoiweza.

Niwaambie inavyofuliwa. Unatafuta spring ya lori kuukuu, lile bamba la chini la gari lililobeba mpunga miaka mingi, maana chuma hicho kimeshapinda na kurudi mara zisizo na hesabu, kina adabu. Unakitia mkaani mpaka kiwe chekundu kama pilipili iliyoiva, unakifua juu ya kipande cha reli, na hukifui kikishakuwa cheusi hata kama umebakiza pigo moja. Ukimaliza umbo unakizamisha kwenye oili chafu. Usikizamishe kwenye maji, nimeshawaambia habari ya "ti!" Kisha unakirudisha juu ya moto mdogo, unakitazama bila kupepesa: kinaanza rangi ya asali, kinakwenda kahawia, kinafika rangi ya shingo ya njiwa. Hapo kitoe. Kwa kisu cha nyama ungesimama kwenye asali. Kwa sime unangoja njiwa, ili ipinde kabla ya kuvunjika.

Iliyo bora kuliko zote nilimfulia Lekishon.

Lekishon alikuwa mfugaji aliyefika bondeni na ng'ombe wake akiwa bado kijana, akakaa upande wa chini, kule mpunga unakoishia na majani marefu yanakoanzia. Alikuwa mtu mkubwa, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake. Ilibidi mpini wa sime yake niusuke kwa ngozi tabaka tatu ndipo ukamjaa. Alipoishika mara ya kwanza aliigeuza, akaipima, akasema, "Fundi, hii inanijua." Tangu siku hiyo akawa rafiki yangu.

Na jirani yake mashambani alikuwa Kaspari, kitinda mimba wa Mzee Otmari. Kaspari ni mdogo wangu kwa kulelewa. Tulivuta mivukuto pamoja, yeye akaacha, akisema moto unamkausha ngozi, bora matope. Akalima mpunga. Mkewe Modesta alipokuwa na mtoto mgonjwa, Lekishon ndiye aliyewaletea maziwa kila asubuhi kwa miezi, na hakukubali kupewa kitu. Jumapili baada ya misa mara nyingi tulikaa watatu kibarazani kwangu. Kaspari alikuwa akimtania: "Wewe ng'ombe wako wananijua kwa jina." Lekishon anajibu, "Hawakujui wewe, wanaujua mpunga wako."

Nawaeleza haya msije mkafikiri ni yale mambo mnayosikia redioni, ya wakulima na wafugaji, kana kwamba ni timu mbili za mpira. Hawa walikuwa watu wawili, na mimi wa tatu.

Mwaka ule mvua zilichelewa na malisho yakabana. Lekishon alikuwa ameanza kuumwa magoti, ng'ombe akamwachia mwanawe wa kwanza, Lemayani. Kijana mpole, mwembamba, hasemi sana. Siku moja akanijia na sime ya babake.

"Shikamoo, fundi. Baba amenipa. Amesema unipunguzie mpini, mkono wangu unapwaya."

Nikaondoa zile tabaka tatu za ngozi, nikamsukia moja. Nikampa. Akaishika, ikamkaa sawasawa, akatabasamu kama bibi harusi. Nami nilitabasamu. Kazi ikimkaa mtu vizuri, fundi hana dhambi moyoni. Ndivyo nilivyokuwa nikijua.

Haukupita mwezi, asubuhi moja mpunga ukiwa ndiyo kwanza umetoa masuke, Lekishon akaja kwangu. Alikuwa amepata lifti ya trekta. Akakaa kwenye benchi, akasema, "Fundi, jana ng'ombe waliingia kwa Kaspari, pembeni kidogo. Nataka twende wote nikamwone kabla hasira haijamkolea. Wewe ukiwepo atanisikia."

Nikamwambia, "Tutakwenda. Tunywe chai kwanza, nimalizie na huu mundu, mwenyewe anausubiri."

Tukanywa chai. Nikamalizia mundu. Nikaanza na mwingine, maana moto ulikuwa mzuri na mkaa ni ghali kuuacha uwake bure. Hakunihimiza. Alikuwa na adabu, hamhimizi mtu kwake.

Simu yake ikalia. Akapokea, akasema maneno machache kwa Kimasai, kisha akasikiliza tu. Nilimwona uso wake ukiondoka. Sijui niseme vipi. Alikuwepo, uso haukuwepo. Akaweka simu mfukoni, akasimama.

"Kuna nini?"

"Kijana amemkata Kaspari." Akanishika bega kwa ule mkono mkubwa. "Fundi, leo mimi sikuja hapa."

Akatoka, akasimamisha pikipiki. Mimi nilibaki na koleo mkononi.

Yaliyotokea kule nimeyaunganisha kidogo kidogo. Ng'ombe waliingia tena, safari hii katikati ya shamba. Kaspari alikuwa peke yake na panga la kufyekea. Alimkata ng'ombe mmoja mguu wa nyuma, ng'ombe akaanguka akilia. Lemayani akachomoa sime. Pigo moja, shingoni upande wa kushoto. Hata hakukusudia lifike mbali vile. Niliwaambia, sime huipigi, unaiacha iende. Ilikwenda. Mimi ndiye niliyeweka uzito mbele.

Watu walipofika walimkuta Lekishon amekaa tutani kando ya mwili, miguu kwenye maji, sime mapajani. Kijana hayupo. Akasema, "Ni mimi." Akasema hivyo kituoni, akasema hivyo mpaka mwisho.

Kesi ilisikilizwa Morogoro. Niliitwa shahidi kwa sababu alama yangu, herufi F ndogo, ilikuwa kwenye chuma. Wakili wa serikali akafungua karatasi ya kaki, akaniinulia sime.

"Shahidi, unaitambua?"

"Ndiyo. Nimeifua mimi."

"Ulimfulia nani?"

"Nilimfulia Lekishon."

Kila neno lilikuwa kweli. Nikautazama mpini: ngozi tabaka moja, kazi ya mikono yangu, mpini wa mkono mwembamba. Lekishon alikuwa amekaa kizimbani na mikono yake juu ya magoti, mikubwa, kila mtu anaiona. Nilingoja mtu amwambie aishike. Hakuna aliyesema. Mahakama ina watu wenye elimu, lakini mpini ni kazi ya mhunzi.

"Una la kuongeza?"

Lekishon akanitazama. Hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile nikimwambia tunywe chai kwanza: kwa adabu, akingoja.

Nikasema, "Sina, Mheshimiwa."

Alifungwa miaka mingi kuliko aliyokuwa amebakiza.

Mtauliza kwa nini nilinyamaza. Nimejibu swali hilo kwa njia nyingi, na kila jibu hukaa siku mbili tatu kisha hunitoka. Nilijiambia ni heshima kwa baba anayemwokoa mwanawe. Nilijiambia Kaspari hatarudi. Nyakati nyingine najua niliogopa kuulizwa, "Na wewe, asubuhi hiyo, mbona hamkwenda?"

Hata huko kuokoa hakukuokoa kitu. Mwaka uliofuata Lemayani aliuza ng'ombe waliobaki, akanunua pikipiki, akawa anabeba maziwa kuleta mjini. Aligongwa na lori la miwa. Niliusikia msiba huo nikiwa karakanani kwangu, nikafunga, nikapanda basi kwenda gerezani kumwambia babake, maana nilijua hakuna mwingine atakayekwenda.

Alikuwa amekonda, mikono ndiyo iliyobaki. Nikamwambia. Akainama. Baada ya muda nikasema, "Lekishon, sasa hakuna wa kumlinda tena. Niruhusu nikaseme. Nitawaambia ulikuwa kwangu, unakunywa chai."

Akainua uso. "Fundi, niachie hili. Nimempoteza mtoto. Nimewapoteza ng'ombe. Nikikubali kwamba niko humu bure, nitabaki na nini?"

Askari akasema muda umekwisha. Lekishon alikufa kwa kifua kabla ya masika, na walimzika hukohuko.

Niliporudi niliwasha moto, nikaweka bamba la spring, likawa jekundu, nikainua nyundo. Nikalitazama mpaka likawa jeusi. Nikaliweka tena, likawa jekundu, likawa jeusi. Nikauza mivukuto na koleo kwa fundi wa mageti. Siku hizi ninyi mnanunua mapanga ya kiwandani dukani, membamba kama mfuniko wa sufuria, yanapinda kwenye kisiki. Watu wa umri wangu wanalalamika. Mimi silalamiki.

Amebaki mmoja wa kusimulia habari zake, Modesta, mke wa Kaspari. Tangu msiba ule alikuwa akinisalimia kila Jumapili, "Shemeji, umeamkaje?" na mimi namjibu. Aliwalea watoto wake kwa kibarua cha kupalilia na hakuwahi kunitupia neno la lawama. Nilijua hana analolijua. Mara moja tu, zamani, aliniuliza, "Shemeji, Lekishon alituletea maziwa. Ilikuwaje akaweza?" Nikamwambia sijui.

Kwaresima iliyopita aliugua, akalala kwake, na mimi nikawa nakaa naye mchana watoto wakiwa shamba. Padri alikuwa ameshakuja kumpaka mafuta. Siku hiyo alikuwa na nguvu kidogo, nikampikia uji, nikamwinua kwa mto.

Akasema, "Shemeji, nimewasamehe watu wote. Hata yule mama aliyenidhulumu jaruba. Nimebakiza mmoja."

"Nani?"

"Lekishon. Nimejaribu mbele ya Padri, imeshindikana. Angekuwa mtu mwingine yeyote, hata yule kijana wake asiyetujua vizuri, ningeweza. Lakini yeye alikuwa rafiki."

Nilikuwa nayo yote mdomoni. Benchi, chai, mundu, simu. Yote yangetosha kusemwa kabla uji haujapoa, na angekwenda akiwa mwepesi. Lakini kulisema hilo ilikuwa kumwambia kwamba miaka yote hiyo amemchukia asiye na kosa, na kwamba mimi nilimwangalia akifanya hivyo kila Jumapili.

Alizikwa Jumamosi ya wiki ileile, kando ya Kaspari. Siku ile aliponiambia hayo, nilikuwa nimeshika kikombe chake kwa mikono miwili. Nikamwambia, "Kunywa, shemeji. Kunywa uji ukiwa bado moto."